Msafiri na Mpagazi: Namna ya Kusoma Vitabu vya Safari Vilivyoanzia Bagamoyo

Kitabu cha mpelelezi wa karne ya 19 kinafaa kusomwa kuanzia nyuma. Mbele kuna simba, homa, mvua na machweo ya jua. Nyuma, kwenye viambatisho, ndiko kuliko na aina za nguo, bei ya shanga, vipimo vya mizigo na barua za watu wanaogombania malipo. Richard Burton aliondoka Kaole na mwenzake John Hanning Speke mwezi Juni 1857. Kitabu chake kuhusu nchi ya maziwa makuu kilitoka 1860 kwa majuzuu mawili, na mwishoni akaweka maelezo marefu ya biashara: kinachoingia bara, kinachotoka, na kinapimwa vipi. Wengi huziruka kurasa hizo, na matoleo yaliyofupishwa huziondoa kabisa. Kinachobaki ni Mzungu mmoja, pori na Mungu.

Umbo hilo halikuzuka porini. Lilikuwa limeshatengenezwa Uingereza karibu miaka 200 kabla, ndani ya riwaya ya Kikristo.

Shuleni wapelelezi huletwa fungu moja na wamisionari na wafanyabiashara, mawakala watatu wa ukoloni, na mtihani ukiisha nao wamekwisha. Kwa somo la historia hilo halina ubaya. Kwa msomaji wa fasihi halitoshi, maana halielezi kwa nini vitabu hivi viligombewa London na Marekani, wala kwa nini mtu aliyetoka Bagamoyo na watu karibu 200 aliandika kana kwamba alitembea peke yake.

John Bunyan alikuwa fundi wa kuziba masufuria. Alikaa gerezani Bedford miaka 12 kuanzia 1660 kwa sababu alihubiri bila idhini ya kanisa la serikali, na sehemu ya kwanza ya kitabu chake, ambacho kwa Kiswahili kinajulikana kama Safari ya Msafiri, ilitoka 1678. Mhusika wake, aitwaye Mkristo, anaondoka Mji wa Uharibifu akiwa na mzigo mgongoni. Anazama kwenye bwawa la kukata tamaa. Anafika msalabani, mzigo unaanguka wenyewe na kubingirika hadi ndani ya kaburi. Anapigana na Apolioni, anapita Soko la Ubatili ambako mwenzake Mwaminifu anauawa, anafungiwa kwenye ngome ya jitu, anavuka mto, anaingia mjini. Sasa chukua kitabu chochote cha safari ya Bagamoyo kwenda Ujiji. Kuondoka pwani, bwawa, majaribu, watawala wa njiani wanaodai hongo (ushuru wa kupita), siku za kukata tamaa, halafu ziwa linaonekana kwa mbali. Si lazima kila mwandishi awe amekusudia. Msomaji wa Uingereza wa enzi ile alilelewa na Bunyan pembeni ya Biblia, na mwandishi aliyelelewa humo humo alijua mkono wa msomaji utafungua ukurasa gani.

Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Mzigo wa Mkristo uko mgongoni kwake mwenyewe, ndiyo maana ukianguka tunafurahi naye. Bagamoyo mzigo ulikuwa juu ya mtu mwingine.

Tuuangalie mzigo wenyewe kwa karibu. Kipimo kilikuwa frasila, ratili 35, karibu kilo 16. Mtumba wa nguo ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Henry Morton Stanley, katika kitabu chake cha 1872 kuhusu kumtafuta Livingstone, anaeleza namna mtumba ulivyofungwa Bagamoyo, na kwa maoni yangu hizo ni kurasa bora kuliko zile za kukutana Ujiji. Zinawekwa doti (vipande) za merikani, yaani nguo ya pamba ya Kimarekani, juu yake kaniki, nguo ya rangi ya nili, juu yake nguo za rangi, kwa zamu, mpaka mzani useme frasila mbili. Halafu zinashindiliwa na kukazwa kwa kamba ya kumbi mpaka mtumba unakuwa mgumu, urefu wake futi tatu na nusu, upana na kina futi moja. Kuchanganya nguo kulikuwa na sababu mbili. Kwanza, kila mji bara ulikuwa na nguo yake inayokubalika, kwa hiyo ukifungua mtumba mmoja tu unapata ya kununulia chakula na ya kutolea hongo. Pili, mpagazi mmoja akitoroka na mtumba, hukupoteza kaniki yote kwa mpigo. Waya wa shaba ulikwenda kivyake: koili zilifungwa kwenye ncha mbili za mti ili uzito ulingane. Wanyamwezi walibeba begani, watu wa Unguja na pwani wakapenda kichwani, na mnyapara aliyejua kazi aligawa mizigo kwa kuzingatia hilo.

Nguo ilikuwa ndiyo posho. Doti moja ni yadi nne. Wafanyabiashara wa Unguja walimpa Stanley hesabu kwamba doti 10 kwa siku zingelisha watu 100. Kwa miaka miwili, siku 730, ni doti 7,300, sawa na yadi 29,200. Shehena yake yote ilikaribia tani sita na ilihitaji wapagazi wapatao 160. Ukiishika hesabu hii, kitabu kizima kinasomeka upya. Msafara ukikwama kambini kwa mvua, kwa mazungumzo ya hongo Ugogo au kwa ugonjwa, kila jua likizama doti 10 zimekwenda na hatua hazijaongezeka hata moja. Ukurasa ambao mwandishi anafoka kuhusu "uvivu" wa watu wake, rudi nyuma kidogo uhesabu msafara umekaa hapo siku ngapi. Mara nyingi hasira ni ya mtu anayeona stoo yake inaliwa.

Kosa kubwa la Stanley kwenye safari ile lilikuwa kalenda. Wapagazi wa Kinyamwezi waliteremka pwani wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, na wakataka kurudi makwao kabla ya mvua za kulimia. Stanley alifika Unguja Januari 1871, akahangaika kupata wapagazi, akagawa watu wake 192 katika misafara mitano, na wa mwisho, aliokuwamo mwenyewe, ukatoka Bagamoyo tarehe 21 Machi. Mkazi yeyote wa pwani anajua mwisho wa Machi unaleta nini. Masika ilimkuta njiani. Farasi wawili walikufa hata safari haijachanganya. Bonde la Makata likawa ziwa la tope, watu wakaugua tumbo la kuhara, na mwandishi anasimulia bila haya alivyotumia mjeledi ili watembee. Wazungu wawili aliowaajiri, Farquhar na Shaw, wote walikufa huko bara.

Kitabuni Makata ni jaribu: roho ya mtu mmoja dhidi ya bwawa, naye anatoka upande wa pili akiwa imara zaidi. Bwawa la Bunyan linatokana na dhambi na hofu ya dhambi, na hakuna mwezi wa mwaka ambao mtu angeweza kulikwepa. Bwawa la Stanley lilitokana na kuondoka Machi. Hapo ndipo kuazima umbo kunapoleta hasara: sababu ya kawaida kabisa, ambayo mnyapara yeyote angeitaja kwa sentensi moja, inafichwa nyuma ya mapambano ya rohoni, na anayepigwa mjeledi anageuka kuwa sehemu ya bwawa.

Njia nzuri ya kuivunja hali hiyo ni kumfuata mtu mmoja kutoka kitabu hadi kitabu, na anayefaa kuliko wote ni Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Uyao, akauzwa utumwani akiwa mdogo, akapelekwa India, akawa huru, akarudi Unguja. Alikuwa na Burton na Speke 1857. Alikuwa na Speke na Grant walipotoka Bagamoyo Oktoba 1860. Alikuwa na Stanley 1871. Kisha akaondoka na Verney Lovett Cameron 1873, akavuka bara zima mpaka pwani ya Atlantiki mwaka 1875. Hakuna hata mmoja wa mabwana hao aliyekuwa ametembea Afrika kiasi chake. Sasa soma wanavyomwandika: kwa Speke ni mwaminifu na mwema kupita kiasi, kwa Stanley ni mzembe anayestahili kuadhibiwa, kwa Cameron ni mlevi anayechosha. Mtu ni yule yule. Kinachobadilika ni hali ya mwandishi, madeni yake, afya yake, na anataka msomaji amwone yeye vipi. Ukizisoma sehemu za Bombay peke yake kwa mfuatano, utapata kitabu cha tano ambacho hakikuandikwa.

Homa nayo ina mila yake. Kwenye riwaya ya Daniel Defoe ya 1719, Robinson Crusoe anashikwa na homa kisiwani, anakunywa tumbaku iliyolowekwa kwenye pombe kali ya miwa, anafungua Biblia, na hapo ndipo imani yake inapoanza. (Watoto wanaosoma toleo fupi hawaambiwi kwamba meli yake ilizama akiwa njiani kwenda kutafuta watumwa.) Tangu hapo homa ya kitabuni imekuwa mlango wa toba. Vitabu vya kweli vya safari vinaonyesha jambo lingine: homa ni suala la nani amebeba sanduku la dawa. Livingstone alitengeneza vidonge vyake mwenyewe, kwinini ikichanganywa na kalomeli, jalapa na rubabu. Kwinini ilipambana na malaria, vingine vilikuwa vya kuharisha, kwa sababu tiba ya wakati ule iliamini tumbo lisafishwe kwanza. Tarehe 20 Januari 1867 mpagazi aliyezoea kubeba sanduku hilo kwa uangalifu alibadilishana mzigo na mwenzake njiani. Yule mwenzake akatoroka na mwingine wakiwa na mizigo, dawa zote zikapotea, na Livingstone akaandika kwamba alijiona amehukumiwa kifo. Aliishi miaka sita zaidi, lakini magonjwa mengi yaliyofuata aliyapokea mikono mitupu. Kubadilishana mizigo kwa muda mfupi: hakuna mwandishi wa riwaya ambaye angethubutu kutumia sababu ndogo hivyo. Fundi wa msafara angekwambia dawa zigawanywe mafungu mawili, zibebwe na watu wawili wasiotembea pamoja.

Kwa wakazi wa Bagamoyo, Livingstone ni mnara. Watalii huonyeshwa mnara wa kanisa la zamani la misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua kituo chao hapa 1868 na kuweka kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Safari yake ya mwisho haikuanzia huku, aliingilia kusini, upande wa Mikindani na mto Ruvuma, mwaka 1866. Bagamoyo alifika maiti, Februari 1874. Na namna alivyofika ni sehemu ambayo riwaya ya msafiri mmoja inapasuka kabisa.

Alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliamua kumrudisha kwao. Moyo na viungo vya ndani vilizikwa chini ya mti, na Jacob Wainwright, kijana wa Kiafrika aliyesomeshwa India, akasoma sala za maziko. Mwili ulitiwa chumvi, ukakaushwa juani siku 14, ukafungwa kwa kitambaa, ukaingizwa ndani ya gome la mti lililovuliwa zima, ukashonewa turubai na kupakwa lami. Kisha wakatembea miezi tisa hivi. Huko Unyanyembe wakakuta msafara wa Cameron, naye akawashauri wamzike pale pale. Wakakataa. Mbele kidogo, Kasekera, watu wa nchi hawakutaka maiti ipite. Wasafiri wakatengeneza maiti ya bandia kwa mabua, wakaituma irudi nyuma kana kwamba wamekubali kuzika, na maiti ya kweli wakaifunga upya ifanane na mtumba wa kawaida wa nguo. Hivyo ndivyo ilivyopita: bidhaa kati ya bidhaa, begani kwa mpagazi, mpaka baharini. Tarehe 18 Aprili 1874 alizikwa Westminster Abbey.

Ukitaka kujua riwaya kubwa ya Kikristo ya safari hizi ingekuwa ipi, ni hii, na msafiri wake mkuu ni kundi la watu walioachiwa mzigo wasiolazimika kuubeba. Isipokuwa kitabu kilichotoka 1874 kilitoka kwa jina la Livingstone. Horace Waller, mhariri wake, aliwapata Susi na Chuma walipopelekwa Uingereza, akachukua maelezo yao ya miezi ile, akayaweka mwishoni kwa maneno yake mwenyewe. Shajara za Livingstone nazo alizipunguza na kuzilainisha. Mwaka 1871 karatasi zilipomwishia, Livingstone aliandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa matunda, yakiwemo maelezo ya mauaji aliyoyaona sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai. Wino ulififia karibu wote. Mwaka 2011 watafiti waliisoma kwa picha zilizopigwa kwa mianga ya rangi tofauti, na ikaonekana kwamba maelezo ya siku yenyewe na yale aliyoyanakili baadaye hayalingani kila mahali, hasa kuhusu mwenendo wa watu wake. Kwa hiyo kuna tabaka tatu: shajara ya papo hapo, nakala safi ya msafiri, na kitabu cha mhariri. Kila tabaka linamsogeza mtu karibu zaidi na utakatifu. Msomaji makini hatakosa kuuliza anasoma lipi.

Mwaka 1891, wakati Wajerumani wanahamishia makao makuu yao Dar es Salaam, alikuja mwandishi Mpolandi, Henryk Sienkiewicz. Alipita Unguja, akapokewa na mapadre wa Bagamoyo, akaingia bara masafa mafupi, homa ikamwangusha na kumrudisha. Barua zake za safari zilichapishwa kwao. Miaka mitano baadaye, 1896, kikatoka kitabu cha Quo Vadis, kuhusu Wakristo wa Roma wakati wa Nero, na 1905 akapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1911 akatoa riwaya ya watoto kuhusu Stasi na Neli, kwa matamshi yetu, mvulana Mpolandi wa miaka 14 na msichana Mwingereza wa miaka minane, wanaotekwa Misri wakati wa vita vya Mahdi na kuvuka Afrika kuelekea pwani ya Mombasa. Mwandishi mmoja, mikono miwili, riwaya ya Kikristo na riwaya ya pori, na kati yake Bagamoyo. Nashangaa waongozaji wa watalii hapa mjini hawamtaji zaidi.

Weka vitabu hivyo viwili sambamba. Katika Quo Vadis walio chini wana majina na nafsi. Ursus, jitu mpole, anaua fahali uwanjani kwa mikono mitupu amwokoe Ligia. Eunike, mtumwa, anakataa kupewa bwana mwingine kwa sababu anampenda bwana wake, na uamuzi huo, upende usipende, ni wake. Nguvu ya kitabu iko hapo: imani inapanda kutoka chini, kwa watu ambao Roma haiwahesabu.

Afrika mkono unabadilika. Neli ana homa, kwinini imeisha, na homa ikirudi tena itamuua. Stasi anaukuta msafara wa Linde, mpelelezi Mswisi aliyejeruhiwa na ngiri na anayekufa polepole. Linde anampa kwinini, bunduki na vyakula. Na wapagazi wa Linde, watu waliotoka Unguja? Wamelala. Ugonjwa wa malale umewashika, wamejilaza kuizunguka kambi wakingoja kufa, na Stasi anawabatiza wakiwa usingizini. Anabaki macho mtoto mmoja tu, Nasibu, anayefuatana na mashujaa.

Kitabibu haiendi hivyo. Malale huletwa na mbung'o, hujificha mwilini kwa wiki au miezi, wakati mwingine miaka, na hauwalazi watu wa msafara mzima kwa wakati mmoja. Mlipuko mkubwa uliotikisa Uganda ulianza karibu na mwaka 1900, ilhali riwaya inasimulia miaka ya 1880. Mwandishi alichukua habari za magazeti ya wakati wake akazirudisha nyuma. Hilo si kosa kubwa kwa riwaya ya watoto. La kutazama ni jinsi mbinu hii ilivyomfaa: ilimpa shehena yote ya msafara bila watu wake. Mizigo ipo, kwinini ipo, bunduki zipo, na wenye kuzibeba wamenyamazishwa kisha wakapewa ubatizo. Mwandishi aliyempa nafsi mtumwa wa Roma hakumpa mpagazi wa Unguja hata sauti ya kukataa.

Kuna kipande kimoja cha kitabu hicho ambacho Wapolandi wanakitumia mpaka leo kama msemo. Kali, mwana wa mfalme wa Wahima, anaulizwa ubaya ni nini. Anajibu kwamba ni mtu kuchukua ng'ombe wa Kali. Na wema? Kali akichukua ng'ombe wa mtu. Msomaji anatakiwa acheke. Riwaya imewekwa wakati ule ule ambao wakubwa wa Ulaya walikuwa wamekaa Berlin, 1884 hadi 1885, wakikubaliana juu ya ng'ombe za watu.

Nisieleweke kwamba riwaya ya Kikristo ndiyo mkosaji. Bunyan mwenyewe alirekebisha. Sehemu ya pili ya kitabu chake, 1684, haina msafiri wa peke yake. Kristiana, mkewe Mkristo, anaondoka na wanawe wanne na jirani yao Rehema. Wanapewa kiongozi, Moyo Mkuu, na njiani wanajiunga nao vilema, waoga na wazee, wote wakitembea kwa mwendo wa aliye dhaifu. Wanakula, wanaugua, wanaoana, wanasubiriana. Huo ni msafara, wenye kirangozi na wote. Wapelelezi waliirithi sehemu ya kwanza wakaiacha ya pili, na walimu wetu wa dini nao hufundisha ya kwanza tu. Anayetaka kufundisha Bunyan Bagamoyo aanze na ya 1684.

Kwa Kiswahili hatujapungukiwa na vitabu vya kuweka upande wa pili wa mzani. Carl Velten alikusanya na kuchapisha 1901 Safari za Wasuaheli, mkiwemo safari ya Sleman bin Mwenye Chande kwenda bara, na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa hapa hapa Bagamoyo anaeleza safari yake ya Udoe na Uzigua. Tahajia ni ya zamani na mwanzoni inakwaza. Soma kwa sauti, itafunguka. Waandishi hawa hawana bwawa la roho. Wana mali, madeni, desturi za watu waliowapitia, na nani alidai nini ili njia ifunguliwe. Upande wa riwaya ya Kikristo yupo James Mbotela na Uhuru wa Watumwa, 1934, kutoka jamii ya waliokombolewa wa Frere Town, Mombasa. Kitabu hicho kimelaumiwa kwa kumsifu mno Mwingereza, na lawama ni ya haki, lakini watu waliofungwa minyororo humo wanatembea kwa pamoja na wanasema.

Kama nafasi ni ya kitabu kimoja tu, chukua maisha ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa Unguja wa pembe za ndovu na watumwa, kwa maneno yake mwenyewe, toleo la Whiteley la 1958 na 1959, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Anaanza akiwa na umri wa miaka 12, na safari ndogo za kubeba sandarusi, na tangu hapo haachi kuhesabu. Fungua walipokutana na Stanley mwaka 1876, kisha weka pembeni kitabu cha Stanley cha 1878 mahali pale pale. Stanley, ambaye safari hii alitoka Bagamoyo Novemba 1874 na watu 356, anaandika mkataba wa dola 5,000 kwa miendo 60 ya kusindikizwa kutoka Nyangwe. Miendo haikutimia, wakaachana Desemba, na kwake kurasa zinazofuata ni za mto na hatari zake. Tippu Tip anakumbuka ahadi za mali zilizotolewa wakati Stanley ana shida, na jinsi zilivyoyeyuka shida ilipokwisha. Kwa Stanley mkataba huo ni mlango wa ushindi wake. Tippu Tip anauweka pamoja na madeni yasiyolipwa.